Vifungo Kumi na Kimoja

Nyumbani kwao saa ya ukutani ilikufa zamani, na hakuna aliyeilaumu. Waliishi kwa vifungo. Mama alikuwa fundi cherehani, na kila kifungo alikishona kwa mkono: uzi unapita mara sita, unazungushwa shingoni, unapigwa fundo, unakatwa kwa meno. Kifungo kimoja dakika tano, hazizidi hazipungui. Akimtuma binti yake dukani alimwambia, "Nisifike cha tatu hujarudi," na ole wake mama afike cha nne.

Ndiyo maana siku waliyokwenda kutafuta chumba karibu na chuo, hakuna aliyekumbuka kuwa simu ina saa. Simu yenyewe ilikuwa mdomoni mwa Bwana Mkubwa, mtoto wa binti, mwenye umri wa miezi minne, na kumnyang'anya kungezua vita.

Binti alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi baada ya kuikosa mara mbili. Katikati ya vipindi vya asubuhi kulikuwa na mapumziko ya saa moja, yaani vifungo kumi na viwili. Mtoto akinyonya anakula vinne. Kwenda na kurudi, basi, visizidi vinane. Kikipatikana chumba cha namna hiyo, mtoto atabaki na mama yake, na binamu atakuja kumshika. Kisipopatikana atarudi na bibi, safari ya kutwa nzima, na mama yake atamwona likizo hadi likizo. Baba mtoto, dereva wa malori, alikuwa amepiga simu kutoka huko aliko akasema lolote watakaloamua ni sawa. Jibu rahisi hilo, kwa mtu asiyekuwepo.

Mtaa wa kwanza ulikuwa ng'ambo ya barabara kuu. Vyumba vikubwa, maji hayakatiki, majirani wanasalimia. Mama alikaa kwenye kigoda na furushi la mashati ya sare, mtoto miguuni pake, binti akatoka kwenda hadi mlango wa ukumbi wa mihadhara na kurudi.

"Kumi na vitatu," alisema mama. Hakukuwa na ubishi. Binti alikuwa anahema kama aliyefukuzwa na mbwa.

Mtaa wa pili ulitoa vinane kamili, lakini chumba kilipakana na karakana ya kuchomelea vyuma, na Bwana Mkubwa alishtuka mara tatu kabla shati moja halijaisha. Wakafungasha.

Mtaa wa tatu ulikuwa upande wa geti la nyuma la chuo. Chumba kilikuwa kidogo. Kitanda na meza vikishaingia, mtu atapita ubavu. Ila kilikuwa na dirisha la maana, na kulikuwa kimya. Mwenye nyumba, karani mstaafu wa posta, alisimama mlangoni na funguo.

"Saa sita anakuja mwanafunzi mwingine kukiona," alisema. "Mimi sina ndugu wala jamaa kwenye chumba. Anayewahi anakaa."

Binti alikwenda mbio mbio, akarudi na tumaini limemjaa kifuani.

"Vingapi?"

"Kumi na kimoja," alisema mama bila kuinua macho.

"Mama, haiwezekani! Mbona nimeona karibu?"

"Umeona tu. Umepasuliwa juzi, mwanangu. Hujui unavyojikokota."

Binti akaketi sakafuni. Hakumshuku mama yake hata chembe, alijishuku mwenyewe. Alijishika pale kwenye kovu, akauchukia mwili wake uliomzalia mtoto kisha ukamnyima miguu ya kumfikia. Machozi yakamtoka waziwazi, mbele ya mwenye nyumba.

"Basi mrudi naye," alisema.

"Nitamtunza," alijibu mama, upesi mno.

Binti alianza kukunja mashati ayarudishe kwenye furushi. Kifungo kimoja kikadondoka, kikaviringika hadi kizingitini. Mtu mwingine angekiokota tu. Yeye alisimama akikitazama. Maisha yake yote alikuwa ameona mashati ya mama yakichakaa hadi yakawa matambara ya kufutia vumbi, vifungo vikiwa bado vimeng'ang'ania. Akavuta kingine. Kikabaki mkononi. Uzi ulikuwa umepita mara moja tu, na fundo hakuna.

"Mama."

Mama alimtazama mtoto, hakumtazama yeye. "Tangu baba yako afariki nimekuwa nalala na redio inaongea," alisema. "Alipokuja huyu mume wangu, nikaizima."

Binti alimwonea huruma, na hasira ikaizidi ile huruma. "Umenifanya niichukie miguu yangu," alisema.

Mama alitoa mkasi, akakata nyuzi za vile vifungo tisa vilivyobaki, kimoja baada ya kingine, akavimimina kwenye kiganja.

"Nenda tena."

"Sina haja. Nishajua."

"Nenda. Sitaki ukikatae chumba kwa uongo wangu, wala ukichukue kwa hasira yako."

Akaenda, safari hii kwa mwendo wake wa kawaida. Mlangoni mwenye nyumba alimuuliza wanachopima ni nini hasa.

"Vifungo," alisema binti.

Mwenye nyumba aliitazama saa yake ya mkononi, akaifunika kwa mkono wa shati.

Aliporudi, Bwana Mkubwa alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake, simu imemdondoka. Mama alikuwa anakata uzi kwa meno. Binti alichukua shati, akakamata kifungo cha kwanza akakivuta kwa nguvu zake zote. Hakikutikisika.

"Vitano," alisema mama. "Kamwambie mwenye nyumba unakichukua chumba."

Binti aliinama kumpokea mtoto. Mama alimshikilia kidogo, kisha akamwachia, akaanza kutafuta sindano iliyokuwa imechomekwa kifuani pake mwenyewe.

"Na tukipita dukani," alisema, "nikumbushe betri za redio."