Mwana wa Bakhita

Mwishoni mwa mwaka 1970, Waomani waliotoka Unguja na Pemba walipoanza kuruhusiwa kuingia Maskati, Kheiria alifikia Matrah kwa ami yake, Marhoon. Ili wapate pasi ilibidi wapeleke maelezo ya nasaba. Ami aliandika yake kwa Kiarabu, kisha akamsomea.

"Baba, Yaarub bin Aflah. Mama, Aliya binti Seif."

"Aliya ndo nani, Ami?"

"Mama'ngu."

"Mama'ko akiitwa Bakhita."

Marhoon alikunja uso. "Jina la kitumwa hilo. Hapa tushaitwa Waswahili. Wataka watucheke?"

Kheiria aliinuka kwa hasira. Aliingia chumbani, akafungua mkoba alioachiwa na marehemu baba yake, Harub, akarudi na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa hati ya shamba la Mtambile, kule Pemba. Mwenye shamba: Bakhita. Si Yaarub, ambaye Ami alizoea kuwaambia wageni kuwa ndiye aliyepanda mikarafuu ile. Ya pili ilikuwa ya mirathi, kutoka mahakamani. Marehemu: Bakhita, mkulima. Warithi: wanawe, Marhoon na Harub.

"Na sensa ya hamsini na nane, nlipokuwa karani, mie ndo nliyemwandika," Kheiria alisema. "Nlimuuliza kazi yake, akanionyesha viganja, vigumu kama gome. Na kwenye mirathi hii, sahihi ya nani, Ami?"

"Yangu."

"Siku ya kuchukua fungu lako ulikuwa mwana wa Bakhita. Leo umekuwa mwana wa nani?"

"Usinivunjie heshima nyumbani kwangu!"

"Na yeye nani kamvunjia?"

Asubuhi walikwenda ofisini pamoja, kila mtu na maelezo yake; ya Kheiria yalimtaja Bakhita kuwa mama wa baba yake. Karani aliyasoma maelezo yote mawili, akainua kichwa.

"Unasema huyu ni ndugu wa baba yako. Mbona mama zao wawili?"

Kheiria alimtazama ami yake, akimpa nafasi.

"Ndugu kwa baba," Marhoon alijibu upesi. "Mama mbalimbali."

"Mwongo!" Kheiria alisema, na watu wote waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

Karani alipunga mkono kwa uchovu. "Ya mama zenu mtajuana wenyewe. Mimi naangalia baba tu." Akayagonga muhuri yote mawili.

Nje, Kheiria alimfuata ami yake. "Umemkana mama'ko, Ami, kwa jambo ambalo hata hawana haja nalo!"

Marhoon alimpa mgongo. Akaenda zake.

Siku hiyohiyo Kheiria alihamia kwa rafiki yake Muhsina. Baada ya wiki chache Ami alimtuma mkewe kumwita nyumbani, eti yaliyopita yameshapita.

"Mwambie nnakuja," Kheiria alisema, "akisharudi kwa karani akamwandikisha mama yake."

Mpaka leo Ami hajarudi kwa karani, na Kheiria hajaenda kwake.