Ukurasa Usiokuwapo

Katika shule ile hapakuwa na mwalimu aliyesifiwa kwa ukali, na kwa matunda ya ukali wake, kama mwalimu wa darasa la pili. Watoto walimwita Bi Nukta, kwa kuwa hakuiacha sentensi ipite bila nukta yake, wala mtoto apite bila kusimama wima. Alikuwa amelishika darasa hilo kwa miaka ishirini na sita. Wazazi aliowafundisha yeye mwenyewe walimletea watoto wao wakiwa wamewashika mkono, wakamwambia mwalimu mkuu kwamba hawataki darasa jingine, maana kwa Bi Nukta mtoto huingia akiwa hajui a wala be, na muhula ukiisha anasoma kitabu kizima, jalada hadi jalada, bila kujikwaa.

Njia yake ilikuwa moja, nayo haikubadilika. Kila asubuhi, kabla ya hesabu, watoto arobaini na wawili walifungua kitabu cha kusomea. Yeye alisimama mbele, mikono nyuma, bila kitabu, kwa kuwa alikuwa amekihifadhi tangu ujanani. Alitamka sentensi, darasa likaitikia. Akatamka nyingine, likaitikia. Aliyejikwaa alirudia peke yake mara tatu. Kufikia wiki ya tano sauti zote zilikuwa zimeshikana zikawa sauti moja, na walimu waliopita barazani walipunguza mwendo ili wasikilize.

Muhula ule ulijaa shughuli. Watoto waliotesha maharagwe katika pamba ndani ya chupa za jamu, wakapima kila Jumatatu jinsi yalivyorefuka. Walijaza jedwali la hali ya hewa, jua kwa rangi ya njano na mvua kwa rangi ya buluu. Walikwenda kiwanda cha mikate wakahesabu mikate katika trei, safu kwa safu, wakarudi wakiwa na unga puani na wakijua maana ya kuzidisha. Yote hayo yangeonyeshwa Siku ya Wazazi, Ijumaa ya mwisho wa muhula. Lakini kilele cha siku hiyo, kama kila mwaka, kilikuwa usomaji wa darasa la pili, na mbele ya wenzake wote angesimama Chiriku.

Chiriku alikuwa mjukuu wa Bi Nukta, mtoto wa bintiye, ambaye ni muuguzi katika mji mwingine na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Sheria ya nyumba ilikuwa kwamba kizingiti cha darasa ndicho mpaka: ndani huitwa Mwalimu, nje huitwa Bibi, na anayechanganya hana maziwa jioni hiyo. Kila jioni bibi alipiga pasi na mjukuu akasoma mezani nyuma yake. Bibi alisikiliza kwa sikio, si kwa jicho. Kitabu alikuwa nacho kichwani, kwa hiyo hakuona haja ya kugeuka.

Jumanne ya wiki ya mwisho aligeuka. Hakugeukia kitabu, aligeukia sketi ya shule iliyokuwa mgongoni mwa kiti cha mtoto. Chiriku alikuwa akisoma habari za kisima, jinsi kamba ilivyokatika na ndoo ikazama, kwa sauti yenye kupanda na kushuka mahali panapostahili. Bi Nukta alinyoosha mkono juu ya bega lake kuchukua sketi, na jicho likaanguka kitabuni.

Upande wa kushoto palikuwa na ukurasa wa ishirini na mbili. Upande wa kulia palikuwa na ukurasa wa ishirini na tano. Karatasi ya kisima haikuwamo. Pini zilikuwa zimelegea kwa uzee na karatasi ile ilikuwa imechomoka, pengine mwaka huo, pengine miaka mitatu nyuma. Mtoto alikuwa akitazama picha ya kuku, na mdomo wake ukisimulia kisima.

Bi Nukta alisimama na sketi mkononi. Alihisi kana kwamba amekanyaga ngazi ambayo haipo.

“Unasoma wapi hapo?” aliuliza.

“Hapa, Bibi.” Chiriku aliweka kidole juu ya kuku.

“Hapo pana kuku.”

“Ndiyo, ila kisima kinakuja kwanza, ndipo kuku.”

Bibi alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za pasi. Alifungua kitabu katikati, akafunika mstari mzima kwa kiganja, akaacha neno moja tu, nalo lilikuwa “dirisha”. Akamwambia mtoto alisome. Chiriku hakulitazama neno. Alitazama midomo ya bibi yake, akasubiri kwa adabu, na alipoona haichezi alitabasamu kumsaidia.

“Anza wewe, Bibi,” alisema.

Pasi ilikuwa imesahauliwa juu ya blauzi. Iliacha alama ya kahawia yenye umbo lake, na harufu ikajaa chumba kizima kabla hata mmoja wao hajaisikia.

Kesho yake Bi Nukta hakusomesha. Aliwapa watoto kazi ya kuchora maharagwe yao, akaketi katika kichumba cha kuhifadhia vifaa na kuwaita mmoja mmoja. Katika kipande cha karatasi alikuwa ameandika sentensi aliyoitunga alfajiri, isiyokuwa katika kitabu chochote: Paka wa jirani amelala juu ya paa.

Wa kwanza aliitazama karatasi, akamtazama mwalimu, akaanza kwa sauti kubwa ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kusomea. Wa pili aliuliza picha iko wapi. Wa tatu, mwana wa dereva wa lori, aliyesifiwa kwa ufasaha, aligeuza karatasi nyuma ili kuona kama maneno anayoyajua yako upande wa pili. Wa nne alilia. Bi Nukta aliweka alama ndogo daftarini kwa kila aliyeshindwa.

Karibu na mwisho aliingia Kobe. Kobe alikuwa binti wa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakuwahi kuifikia nukta pamoja na wengine. Kila mara darasa lilipomaliza sentensi, sauti yake moja ilibaki nyuma ikiburuta neno la tatu. Mwalimu alimrudisha mara tatu, mara sita, mara tisa, bila faida. Mwishowe, ili asiharibu Siku ya Wazazi, alimwagiza asimame mstari wa nyuma, achezeshe midomo bila kutoa sauti.

Kobe aliishika karatasi kwa mikono miwili.

“Pa-ka,” alisema. “Wa ji-ra-ni. A-me-la-la. Ju-u ya... pa-a.” Kisha akakunja uso, akawaza, akainua macho. “Mwalimu, hataanguka?”

Bi Nukta aliitwaa karatasi. Alimwuliza, kwa sauti ambayo mtoto hakuizoea, kwa nini siku zote haendi pamoja na wenzake. Kobe alieleza kwa woga kwamba yeye akiwa bado analitazama neno, wao wameshafika chini. Wala hajui wanaonaje upesi hivyo.

Alama zilipohesabiwa, thelathini na mmoja hawakujua kusoma. Waliojua walikuwa kumi na mmoja, na wengi wao ndio aliokuwa akiwarudisha mara tatu.

Mchana ule alivuka baraza hadi kwa mwalimu wa darasa la tatu, kijana aliyepokea wanafunzi wake kila mwaka. Mwaka juzi kijana huyo alimjia kwa heshima zote, akasema kwamba watoto hao wakifika kwake ni kama wamesahau kila kitu. Naye alimjibu mbele ya walimu wote kwamba mvunja mtungi asimsingizie mfinyanzi, na chumba kizima kilicheka. Sasa Bi Nukta alimwekea daftari mbele yake. Kijana alisoma alama zile, akalifunga taratibu, akamsogezea kiti.

Mwalimu mkuu, yeye, alisema mengi. Alianza kwa kucheka, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha alifunga mlango. Akasema Siku ya Wazazi ni keshokutwa, afisa elimu amealikwa, viti vimeshaazimwa. Watoto wasome kama walivyozoea, na muhula ujao mambo yatengenezwe polepole, maana nguo chafu hazianikwi barabarani. Bi Nukta alimsikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kukubali wala kukataa.

Siku mbili hizo alikuwa na njia iliyo rahisi kuliko zote: kunyamaza. Darasa lingeghani, makofi yangelia, jina lake lingebaki safi mpaka astaafu. Na watoto thelathini na mmoja wangepanda darasa la tatu wakitafuta midomo ya mtu wa kuifuata. Mmoja wao angekuwa damu yake. Alikula kidogo, akalala kidogo, na kila alipofumba macho aliona madarasa mengine ishirini na tano yakiwa yamejipanga nyuma ya hili, watu wazima wenye kazi na watoto, nao wote wakimtazama mdomoni.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wazazi walipita mezani wakiyasifu maharagwe, wakabishana juu ya jedwali la mvua, wakaonja vipande vya mikate. Kisha mwalimu mkuu alitangaza usomaji. Darasa la pili lilijipanga, Chiriku mbele na utepe mweupe kichwani, Kobe nyuma kabisa. Bi Nukta alisimama kati yao na wazazi.

“Watoto hawa hawajui kusoma,” alisema. “Wanajua kumi na mmoja tu. Wengine wamekariri kitabu kutoka kinywani mwangu. Kosa si lao.”

Watu walidhani wamesikia vibaya. Dereva wa lori aliinuka, mtu mnene mwenye sauti iliyozoea injini, akasema kwamba mwanawe humsomea kila jioni na maneno humtoka kama maji bombani. Bi Nukta alimkabidhi chaki. Alimwomba aandike ubaoni sentensi yoyote aipendayo.

Dereva aliandika kwa herufi kubwa: Gari langu lina magurudumu kumi.

Darasa liligeukia ubao. Midomo ilifunguka. Kisha nyuso arobaini na mbili, karibu zote kwa pamoja, zilimgeukia mwalimu, zikangoja. Hakuna sauti iliyotoka. Ukumbini mtu aliangusha kikombe, na hakuna aliyegeuka kukitazama. Dereva alimwita mwanawe kwa jina lake la nyumbani, mara moja, kwa sauti ya chini kabisa, na mtoto akaanza kunyonya ukosi wa shati.

Ndipo kutoka nyuma likaja neno la kwanza, likiburutwa. “Ga-ri.” Watu waligeuza shingo. “La-ngu. Li-na. Ma-gu-ru-du-mu.” Hapo lilichukua muda mrefu. “Ku-mi.”

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alikuwa ameketi na kiganja mdomoni. Baba mmoja aliyefundishwa na Bi Nukta miaka ishirini iliyopita aliuliza, bila kumwelekea mtu, kama ni kasuku walioshangiliwa miaka yote hii. Afisa elimu aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena. Fundi cherehani alisimama na kusema kwamba binti yake alirudi nyumbani akilia kuwa ameambiwa achezeshe midomo tu, na yeye, mama, alimchapa kwa kumsingizia mwalimu uongo.

“Hakusema uongo,” Bi Nukta alijibu. Alikwenda mstari wa nyuma, akasimama mbele ya mtoto. “Nimekukosea, mwanangu. Niwie radhi.”

Kobe alimtazama mama yake ili ajue la kujibu.

Mengine yalifuata kama yanavyofuata. Barua ilikuja kutoka ofisi ya elimu ikimwondoa katika darasa la pili. Mwalimu mkuu hakumsalimu kwa wiki mbili. Bi Nukta aliomba jambo moja tu, kwamba likizo ile aachiwe funguo za darasa asubuhi, na yule mwalimu kijana wa darasa la tatu akajitolea kuwafundisha watoto, yeye akikata kadi za silabi na kufuta ubao. Siku ya kwanza walikuja tisa. Siku ya nne walikuja ishirini, na mwana wa dereva akishushwa kutoka kwenye lori.

Asiyekuja alikuwa Chiriku. Tangu ile Ijumaa alikuwa akijibu kwa kichwa. Bibi alipojaribu kumwelekeza mezani, mtoto alikifunga kitabu na kusema, kwa utulivu wa kutisha kwa umri ule, “Umenivua nguo mbele za watu, Bibi.” Akasema hatasoma tena naye, si shuleni wala nyumbani. Bibi hakumkaripia.

Alhamisi, akirudi kutoka darasani na chaki mikononi, alisikia sauti mbili uani. Kobe alikuwa ameletwa na mama yake, aliyekuja kurudisha gauni lililofupishwa, na watoto walikuwa wameketi chini ukutani wakiwa na mfuko wa sabuni ya unga katikati yao, kidole cha Chiriku kikiwa juu ya neno moja lililoandikwa hapo.

“Usikimbie,” Kobe alikuwa akisema. “Hilo halihami, mimi nimelisubiri hata dakika nzima.”

“O-mo... omoa,” alisema Chiriku.

“Hapana. Tazama tena.”

Bi Nukta, nyuma ya mlango, alikuwa ameshafungua kinywa. Neno sahihi lilikuwa juu ya ulimi. Alilimeza, akaegemea fremu ya mlango na viatu vyake miguuni, kwa sababu kuvivua kungefanya kelele.

“O-mo-sha,” alisema Chiriku. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeona kitu kikisogea gizani: “Omosha? Si neno hilo. Ngoja. O-sha.”