Siku Mia na Thelathini na Mbili

Dada yangu Ashura alifiwa na mumewe siku ya Idi, baada ya homa ya siku tatu tu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Nikamrudisha nyumbani kwetu Bagamoyo akae eda miezi minne na siku kumi, ndani, bila wanja wala manukato. Wazazi wetu walishatangulia, tulibaki wawili.

Kilichomshikilia moyo ni mtihani wa kuingia chuo cha walimu wa kike. Waliozidi miaka kumi na tisa hawakupokelewa, kwa hiyo ilikuwa mwaka huo au basi tena. Mimi, mwalimu wa hesabu na mwenye kujiona, nilimfundisha kila alasiri chumbani mwake.

Siku moja nikataka kumchangamsha. Nikaishika kalenda ya serikali, nikahesabu eda yake yote: siku 132. Nikamwandikia: siku zilizopita ni x, zilizobaki ni y, na 2x + 2y = 264. "Rahisisha, kisha uchore."

Akagawa pande zote kwa mbili, akapata y = 132 − x. Akachora mstari kwenye karatasi ya miraba, ukateremka kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Karatasi akaibandika ukutani, na kila jioni akatia nukta moja juu ya mstari.

Kisha ikaja barua ya mtihani. Mtihani ulikuwa siku ya mia na thelathini ya eda. Ashura akaweka kidole kwenye mstari.

"Zitakuwa zimebaki mbili, kaka. Mbili tu!"

"Eda haipunguzwi. Hesabu ni hesabu," nikamjibu kwa ukali, maana nilikuwa naumia na sikutaka aone. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba hatahudhuria.

Siku ya mtihani alishinda amegeukia ukuta, hakula.

Kesho yake akafika shangazi yetu, Bi Mwaija, kutoka Fukayosi alikokuwa akimuuguza mkwewe. Ashura akamwamkia. Shangazi akaitikia marahaba, halafu akashangaa.

"Mbona mwanangu yumo ndani bado? Nilijua nitakuta mmeshamtoa eda."

"Bado siku moja, shangazi," nikasema, nikamwonyesha karatasi.

"Siku moja ya nini? Mumewe kafa siku ya Idi, tarehe mosi Mfungo Mosi. Miezi minne imetimia tarehe mosi Mfungo Tano, ongeza siku kumi; na leo ni kumi na nne. Eda yake imekwisha siku tatu nyuma! Eda huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, baba, si kwa makaratasi ya serikali."

Nikakaa chini. Mimi ninayefunga kwa mwezi na kufungua kwa mwezi, siku ile nilipoishika kalenda wazo hilo halikunijia hata kidogo. Ashura hakukosea popote. Namba niliyompa mimi ndiyo iliyokuwa na kosa.

Akaweka kidole kwenye nukta ya mwisho.

"Kumbe jana ningeweza kwenda?"

"Ungeweza," nikasema.

Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliinuka, akamfuata shangazi uani kwenda kuogeshwa, atolewe eda.