Mbingu Nyekundu ya Bibi Klara

Picha ilitundikwa Jumatatu katika darasa la misheni, Mpwapwa, na kufikia Jumatano watoto saba walikuwa hawaji tena. Bibi Klara, dada wa daktari wa boma la Wajerumani, aliichora iwe zawadi. Vilima alivipanga kama vyungu vilivyofudikizwa, miti akaipaka buluu, na mbingu yote nyekundu.

Matonya, baba wa mwanafunzi mmoja, alikwenda kuiona kwa macho yake. Mvua ilikuwa imechelewa mwezi mzima, na mbegu za uwele zilikuwa bado ndani.

"Mzungu wenu ametuombea jua," alimwambia binti yake, Ruthu, walipokuwa wakirudi. "Mbingu ile ikiwa bado ipo kesho mchana, utachunga mbuzi."

Ruthu alikuwa ameanza kusoma maneno mazima mwezi uleule.

Asubuhi alimkuta Bibi Klara barazani akisafisha brashi. Alisimama kando mpaka akaulizwa ana shida gani.

"Shikamoo, Bibi. Picha yako haina wingu."

"Sikulitaka. Nyekundu inachangamsha. Wingu jeusi lingetia huzuni."

Ruthu alitazama vidole vya miguu yake. "Kwetu tukiomba mvua tunatoa ng'ombe mweusi, na waombaji huvaa nguo nyeusi. Nyekundu ni ya jua kali. Watu wanaona umetuombea njaa."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi nataka kusoma, Bibi. Baba amesema leo ndiyo mwisho."

Bibi Klara alifungua sanduku lake la rangi. Nyeusi haikuwamo, hakuwahi kuihitaji. Basi Ruthu akaenda jikoni kwa mwalimu, akakwangua masizi ya chungu, akayaleta kwenye kigae. Bibi Klara aliyakoroga na mafuta, wakaenda darasani kwenye picha, akampa brashi.

"Paka wewe. Mimi wingu lenu silijui."

Ruthu hakuwahi kushika brashi, na wingu likavuka kilima likachafua miti miwili. Bibi Klara aliguna, lakini hakulifuta.

Mchana Matonya alifika na fimbo yake ya kuchungia. Alisogelea picha.

"Upande huo wenye wingu ni wapi?"

"Mashariki, Baba."

"Hapo sawa. Ndiko mvua inakotoka." Aligusa wingu, kidole kikatoka cheusi. Hakukifuta. "Kaa usome. Mbuzi nitachunga mwenyewe."