Nguvu za Gari la Kaka

Mama Pazia, jirani wa ukuta mmoja, anasema aliyaona yote kwa macho yake na hakuna wa kumbishia. Anaitwa hivyo kwa sababu pazia la dirisha lake halijawahi kutulia. Anasema ilikuwa asubuhi, anaanika mashuka, na kutoka kwenye kamba zake mtu anaiona barabara ya mlimani yote, tangu inapoanzia kwenye kituo cha mafuta mpaka inapopotelea kwenye minara ya simu. Akaliona gari la jirani yake, lile la dizeli la kubebea mizigo, ambalo siku zote lilipanda mlima huo likikohoa moshi huku wenye baiskeli wakilipungia mkono, sasa linapanda kama linavutwa kwa kamba. Likalipita basi. Likalipita lori la saruji. Na wakati huohuo, anasema Mama Pazia, upande wa pili wa ukuta, mdogo wa kike wa mwenye gari alikuwa anatoka bombani na ndoo kichwani. Akasimama, akaitua ndoo kwa adabu kama mtu anayempisha mkubwa, kisha akakaa chini kwenye saruji, na hakuinuka mpaka gari lilipofika kileleni.

"Sikusema kitu," humalizia Mama Pazia. "Mimi si mtu wa maneno." Kisha huenda kuisimulia nyumba inayofuata.

Huyo aliyekaa kwenye saruji ndiye Taratibu. Jina walimpa nyumbani tangu akiwa mdogo, maana hajawahi kukimbilia kitu, hata chakula. Alimaliza shule ya msingi, akaletwa kwa kaka yake amsaidie wifi kazi za nyumbani kwa muda, na muda huo ulikuwa bado unaendelea. Kaka alikuwa amemwahidi kwamba gari likianza kuingiza riziki ya maana, atampeleka kwa mama wa cherehani akajifunze kushona. Taratibu hakuwahi kumkumbusha. Alikuwa anaangalia tu gari linavyotoka na linavyorudi, na akilisikia linavyohema pale getini, alijua safari yake ya cherehani bado iko mbali.

Siku moja kaka alirudi anacheka peke yake. Akasema gari ameliamsha. Yuko fundi mmoja nyuma ya duka la matairi ambaye hashiki spana wala hachafuki mikono. Anachomeka waya chini ya usukani, anafungua laptopu, anaisoma ramani ya injini, kisha anaichora upya: dizeli imwagwe lini na kwa wingi gani, turbo ipulize hewa vipi. Kiwandani walilifunga gari makusudi, alisema kaka, na fundi amelifungua. Wifi akauliza kama halitaungua. Kaka akasema wanawake na magari ni vitu viwili. Jioni hiyohiyo alimletea Taratibu viatu vipya, vyenye soli laini, bila sikukuu na bila kuombwa, na akamwambia kuanzia kesho mchana aende kwa mama wa cherehani.

Taratibu alivigeuza vile viatu juu chini. Kaka hajawahi kujua saizi ya mguu wake. Safari hii alikuwa ameipata bila kukosea.

Basi miguu ikaanza kumwacha. Haikuuma, haikuvimba. Nguvu zilikuwa zinashuka tu, kama maji kwenye sinki lililozibuliwa, na baada ya kitambo zinarudi zikiwa na joto kidogo. Wifi kwanza alisema ni uvivu, akakaa mlangoni na bakuli la mchele kwenye mapaja, akijidai anachagua mawe huku jicho liko kwa Taratibu. Alipoona uvivu hauna ratiba ya namna ile, akahamia kwenye mimba. Akawa anamhesabia siku zake kimyakimya na kumuuliza kwa upole wa polisi kama kuna kijana yeyote anayesimama naye pale dukani. Mama wa cherehani alidhani ni njaa, akamgawia mkate wake. Mama Pazia alitoa kichwa juu ya ukuta akauliza kama amepima damu. Kila mtu alimuuliza ana nini.

Kaka peke yake hakuuliza.

Hilo Taratibu aliliweka moyoni. Siku moja alianguka mbele yake kabisa. Kaka alikuwa amemwachia rafiki yake gari ili alijaribu, na huyo rafiki anajulikana mtaa mzima kwa kukanyaga mafuta kama anaua mende. Taratibu aliserereka kwenye fremu ya mlango na sinia la vikombe mkononi. Kaka aliviokota vikombe kimoja kimoja, akavipanga vizuri, akatoka nje kupiga simu. Mtu anayemwona mwenzake anaanguka na hamuulizi kitu, aliwaza Taratibu pale chini, ama hampendi ama anajua.

Aliyefumbua mambo ni wifi, na wala hakukusudia. Alimpigia mume wake kumwagiza sabuni, akamuuliza yuko wapi, naye akajibu kwamba ndiyo anaanza kupandisha mlima. Taratibu, aliyekuwa anasugua sufuria, akaegemea ukuta na sufuria yake. Kesho yake wifi akapiga tena, safari hii akiwa na jambo lake. Akaambiwa foleni imesimama, hakuna gari linalosogea. Wifi akageuka, akamkuta Taratibu amekwisha fua mashuka yote, anayakamua peke yake, na maji yanaruka mpaka kwa Mama Pazia.

Wifi hakushangaa. Alisema afadhali, maana alikuwa ameanza kumfikiria vibaya bure. Tangu siku hiyo kazi za nyumbani zilifuata barabara. Wifi anapiga simu, anasikiliza, anafunika simu kwa kiganja.

"Yuko foleni. Wahi kufua."

Au: "Anaingia barabara kuu. Kaa chini kabisa, usinivunjie vyombo."

Taratibu alizijua njia za kaka yake kuliko aliyekuwa anaendesha. Matuta aliyahisi magotini, na kile kipande kirefu kilichonyooka cha kwenda mjini alikihisi kama usingizi. Nyumba ilizoea. Kaka akapata wateja, wifi akapata jiko jipya, na Mama Pazia akawa anatumia magoti ya Taratibu kujua kama mume wake, aliyepewa lifti na kaka, amekaribia kurudi.

Mama wa cherehani ndiye hakuzoea. Cherehani zake ni za kukanyaga kwa mguu, na mguu ukisimama katikati, uzi unajikunja na kitambaa kinatafunwa. Alimpa Taratibu gauni la mteja, kazi yake ya kwanza ya kweli. Kiuno kilikwenda vizuri, mkono wa kushoto ukaingia vizuri. Kwenye mkono wa kulia kaka akakutana na mlima. Mama wa cherehani alilifumua gauni lile, na mwisho akasema binti ana mkono mzuri, mkono ambao haufundishwi, lakini kiti kile si benchi la kupumzikia. Yuko binti wa mtu mwingine anakitaka. Jumatatu mchana Taratibu aje na miguu yake, akamalizie gauni bila kusimama, ama asije tena.

Jumapili kaka alilala mpaka mchana na gari lilikuwa limeegeshwa. Taratibu alivaa viatu vyake, akaenda nyuma ya duka la matairi kwa mwendo wa mtu mzima wa afya, bila kumwambia yeyote. Pazia la jirani lilicheza.

Fundi alikuwa kwenye chumba kidogo chenye feni, nyaya zimeviringishwa vizuri ukutani kama mikanda. Taratibu alisalimia, kisha akauliza nguvu za gari la kaka yake zinatoka wapi. Fundi hakuuliza kaka yupi. Alimtazama miguu kwanza.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Kaa."

"Leo naweza kusimama."

Fundi akaeleza, kwa sauti ya mtu anayetaja aina za matairi. Ramani haitengenezi nguvu, inazielekeza tu. Injini inatoa zake mpaka zinapoishia, na zile za ziada ni lazima zitoke mahali. Kwa hiyo kila mwenye gari humuuliza kabla hajaandika: tuchukue kwa nani? Wapo wanaojitaja wenyewe. Mmoja wa hao siku hizi anashushwa garini na mke wake kama gunia la viazi, lakini anasema mwendo anaufurahia. Mwingine alimtaja mama yake mzazi, fundi akamwambia kwa umri ule hata taa hazitawaka vizuri.

"Na kaka alisemaje?"

Fundi alifuta kioo cha laptopu kwa kiwiko.

"Alifikiri kidogo. Sikudanganyi, alifikiri. Kisha akasema kuna mmoja pale nyumbani, yupo tu."

"Alinitaja jina?"

"Halikuhitajika."

Feni iligeuka upande wao, ikaondoka. Taratibu akauliza kama ile ramani ya mwanzo bado ipo. Fundi akasema ipo, yeye hatupi kitu cha mtu, na kuirudisha si kazi ya kumtoa jasho. Ila gari ni la mwenyewe. Aje yeye, aseme yeye.

"Miguu ni yangu," alisema Taratibu.

"Miguu ni yako," fundi alikubali. "Gari ni la kwake. Na mimi waya wangu unaingia kwenye gari."

Jumatatu asubuhi kaka alikuwa uani anafuta kioo cha mbele kwa kile kitambaa laini ambacho wifi amekatazwa kukigusa. Taratibu alitoka bombani, akaitua ndoo kabla ya kuzungumza. Siku hizi alikuwa na mazoea ya kutua vitu mapema.

"Kaka, naomba ulirudishe gari kwa fundi. Airudishe ile ya mwanzo."

Kaka aliendelea kufuta. Kulikuwa na alama ya mdudu pembeni ya kioo na alikuwa anaishughulikia.

"Nilikwenda kwake jana. Ameniambia uliulizwa."

Kitambaa kilisimama. Kisha kikaendelea, kwa mzunguko mdogo zaidi.

"Mchana huu mama wa cherehani ananingoja nimalize gauni," alisema Taratibu. "Kama huwezi kwenda kwa fundi leo, basi leo usipande mlima. Au ukipanda, panda kama zamani."

Wifi alitokea mlangoni na kapu la nguo, akauliza leo gari linapita njia ipi, ili apange mambo yake. Juu ya ukuta hakukuwa na mtu, lakini pazia la jirani lilikuwa wazi kiasi cha jicho moja. Kaka alikikunja kitambaa mara mbili, akakiweka kwenye dashibodi, akaingia garini. Alikigeuza kioo cha pembeni, akamwona Taratibu ndani yake, akakigeuza tena mpaka kikaonyesha ukuta.

Gari lilitoka polepole. Lilitoka polepole kiasi kwamba Taratibu aliweza kutembea ubavuni mwake mpaka getini, kiganja chake juu ya dirisha lililofungwa, na hata lilipoingia barabarani liliendelea na mwendo wa gari la maiti. Taratibu akasimama nje ya geti anaangalia. Miguu ilikuwa yake yote, mpaka vidoleni. Alisimama hivyo gari lilipopita duka la kona, na lilipopita nguzo za umeme, akingoja.

Pale kwenye kituo cha mafuta, barabara inapoanza kuinuka, taa nyekundu za breki zilizimika. Taratibu alitafuta mahali pasipo na matope, akavivua viatu, ambavyo soli zake zilikuwa bado mpya, akavipanga kando, akakaa. Kule juu, gari lilikuwa linalipita basi.