Maharage ya Esteri

Bazilio alikuwa mtu wa kujua kila kitu, na hilo ndilo lililomchosha mama mkwe wake, Pelagia, kuliko yote. Mwaka mzima, kila alipopita kwenye bustani ya mama huyo pale Heru Juu, alisimama mikono kiunoni akazikodolea macho nyasi kavu zilizotandazwa kati ya kabichi, kana kwamba godoro la mgonjwa limeanikwa njiani.

"Mama, shamba safi ni udongo mtupu. Takataka hizi zinatutia aibu."

Pelagia alinyamaza, maana mkwe hagombezwi. Lakini moyoni alimpa zake. Takataka! Chini ya takataka hizo udongo ulibaki na unyevu hata jua likiwaka wiki nzima, na magugu yaliyothubutu kuchungulia yalikuwa ya kung'oa kwa vidole viwili, chai ikiwa bado jikoni. Kishonanguo alikiwahi kabla hakijatoa maua. Sangari aliichimba na mizizi yake, akaianika juu ya jiwe mpaka ikakauka. Jembe la Bazilio lilikuwa na kutu kwenye makali, mwezi wa Desemba, mvua zinanyesha. Mwanamume mzima! Pelagia alilitazama jembe lile akaona limemaliza maelezo yote.

Alimvumilia kwa ajili ya binti yake, Esteri. Kati ya mahindi ya Bazilio, kama kwenye kila shamba la milima ile, palipandwa maharage, na maharage hayakuwa ya Bazilio. Mahindi ya baba, maharage ya mama. Ndivyo nyumba zao zilivyogawana tangu zamani. Msimu huu Pelagia alikuwa amempa Esteri mbegu zake zote za maharage ya njano, hata za akiba hakubakiza, kwa sababu Esteri alikuwa na watoto watatu na ghala tupu. Mbegu zile zilitoka kwa bibi yake Pelagia. Dukani hazipo.

Asubuhi moja akiwa njiani kwenda bustanini, alimkuta Bazilio pembeni mwa shamba lake la mahindi. Alikuwa na bomba la kupulizia dawa mgongoni, la kuazima, na miwani ya jua machoni, na mawingu yamejaa mbingu nzima.

"Mwakeye, mama!" Bazilio alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Nimetoka Kasulu mjini jana. Twalibu wa dukani kasema dawa hii inaua majani mapana yote, mahindi haiyagusi. Wiki ijayo uje uone kilimo cha kisasa. Jembe tumewaachia nyie."

Pelagia alitazama miguuni pa mkwe wake. Maharage yalikuwa yanaanza kutoa maua. Jani la harage ni pana, hata mbuzi analijua, ila Bazilio hajawahi kuliinamia. Mwaka jana, kule Nyakitonto, Pelagia alionyeshwa na dada yake shamba lililopitiwa na dawa ya namna hiyo: mahindi yalisimama peke yake, chini hakuna kitu.

Alijua, basi. Neno moja tu lingetosha, na lilishafika mdomoni. Halafu akaiona tena ile miwani. Akakumbuka takataka. Akaona raha, raha tamu kabisa, ya kumwacha bwana kisasa ajiumbue mbele ya kijiji kizima.

"Kazi njema, mkwe wangu," akasema, akaenda zake akicheka njia nzima.

Siku ya tano Esteri alikuja bustanini. Hakusalimia. Alifungua khanga, na ndani yake mlikuwa na miche ya maharage, mashina yamejipinda, majani yamejikunja na maua yamenyauka.

"Shamba zima, mama. Anasema aliyasahau."

"Mjinga yule!" Pelagia alilipuka, alikuwa ameyatunza maneno hayo mwaka mzima. "Mvivu, hana hata..."

"Siku ile ulipita pale," Esteri alimkata. "Watoto walikuona. Alikuwa amebeba bomba?"

Pelagia alishika jembe lake vizuri. "Alikuwa amebeba."

"Ukamwambia nini?"

Pelagia aliliweka jembe chini.

"Nilimtakia kazi njema."

Esteri alimtazama. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alimtazama vile vile Pelagia alivyozoea kumtazama Bazilio, toka miguuni hadi kichwani, taratibu, kama mtu anayekagua kitu kilichooza. Kisha akaikung'uta khanga juu ya tuta la kabichi, miche yote ikaanguka.

"Haya, tandaza na haya," akasema. "Si unapenda majani?"

Akaondoka. Miche ile ilikuwa na dawa, haikufaa kulala pale hata saa moja. Pelagia akapiga magoti, akaanza kuiokota mmoja mmoja, akikagua kila shina kama kuna ganda lolote lililowahi kushika mbegu. Hakuona hata moja.