Waranti Isiyojua Radi

Wingu likikaa juu ya mwamba wa Tororo, watu wa Malaba huanza kuchomoa nyaya. Mugeni hakungoja likae. Aliliona tu linakuja, akainuka. Akachomoa chaja, akachukua blanketi zito alilotoka nalo kwao Namboboto, akaifunika laptopu gubigubi na kuzikunjia pembe chini kama anayemfunika mtoto mwenye homa. Kisha akakigeuza kioo chake cha kujitazamia kikaangalia ukuta, akavua kitambaa chake chekundu cha kichwa, akaketi sakafuni na magoti kifuani. Ndivyo Kukhu, nyanya yake, alivyomlea. Radi hufuata kinachong'aa na kilicho chekundu, Kukhu alikuwa akisema, na chochote unachokipenda, kifunike.

Na laptopu hiyo aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kukiita chake. Kwayo aliwajazia madereva wa malori nyimbo na filamu kwenye flashi zao wakati wakisubiri zamu ya kuvuka kwenda Uganda. Kabla yake alikuwa mfanyakazi wa ndani Bungoma, katika nyumba yenye geti refu. Mama mwenye nyumba alipotoka alilifunga kwa kufuli na kwenda na ufunguo, na Mugeni alikaa humo peke yake hadi jioni, akisikia watu wakipita nje wakicheka. Mama huyo alikuwa bado akimpigia simu mara kwa mara. Nafasi yako ipo, alimwambia kwa sauti tamu, hiyo biashara ya nyimbo ikikushinda, urudi. Kila akiisikia sauti ile, viganja vya Mugeni vililowa jasho.

Asubuhi ya siku hiyo simu ilikuwa imelia tena, lakini aliyepiga ni Hasifa, mwenye duka la Busia lililomuuzia laptopu. Alimkumbusha kwamba waranti inaisha Ijumaa. Akitaka kuiongeza miaka miwili, alipe na ailete mashine dukani ikaguliwe kabla ya siku hiyo; ikikutwa nzima, anaongezewa. Baada ya hapo hakuna njia. "Ikikufia Jumamosi, dada, usije kunililia," Hasifa alisema. Mugeni akajibu ndiyo, halafu ndiyo tena, maana kwenye simu hakuwahi kujua jibu jingine.

Radi ilipiga karibu sana, mabati yakatetemeka. Mvua ikamwagika, ikapungua, ikaisha. Mugeni akainuka, akalivuta blanketi.

Joto likampiga usoni kama la chungu kilichofunuliwa. Hapo ndipo alipokumbuka. Alichomoa waya, lakini mashine yenyewe hakuizima. Ilikuwa ikimnakilia dereva mmoja filamu, nayo iliendelea kufanya kazi kwa batri humo gizani, chini ya blanketi, bila pa kupumulia. Kioo chake kilikuwa cheusi. Alipoibonyeza, feni ilikoroma mara moja kama mzee mwenye pumu, kisha kimya.

Aliliona lile geti kana kwamba limesimama mlangoni pa kibanda.

Amuge, mama aliyempangisha kibanda, aliyekuwa akikaanga samaki barazani, alikuja akinusa. Alisikiliza habari yote, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, umeipika."

"Itafufuka, mama?"

"Iache ipoe. Ikiwaka kesho, ipeleke Busia, nunua hiyo waranti, ufunge mdomo. Ikifa mwezi ujao ni shida yao."

"Na akiniuliza?"

"Akuulize wewe? Wewe salamu yenyewe mtu akupe mara mbili ndiyo uitikie. Nani atashangaa ukinyamaza?"

Kesho yake laptopu iliwaka. Picha ilikuwa safi, nyimbo zote zilikuwamo, ila feni ilikoroma bila kupumzika. Mugeni aliifunga kwenye leso, akaenda Busia akiwa ameikumbatia.

Dukani redio ilikuwa ikipiga muziki wa Kampala kwa sauti ya juu. Hasifa aliiweka laptopu kwenye kaunta, akaiwasha, akapitisha vidole kwenye vitufe, akakitazama kioo pembe hadi pembe. Akasema ni nzima. Muziki ulikuwa umeumeza mkoromo wote. Mugeni alisimama akihesabu pumzi zake, mkono umeshika fundo la leso lenye pesa.

"Haijawahi kusumbua?" Hasifa akauliza, huku akitafuta kalamu.

Kunyamaza tu kungetosha, kama Amuge alivyosema. Lakini Mugeni akajiona miaka miwili mbele, kila jina la Hasifa likitokea kwenye simu viganja vinalowa, kama kwa yule mama wa Bungoma. Hofu moja ilikuwa inamtosha.

"Radi je?" alisema.

"Unasemaje, dada? Sikusikii."

"Radi. Waranti inalipa radi?"

Hasifa akaipunguza redio ili amsikie. "Radi hapana. Hiyo ni ya Mungu." Kisha akainamisha kichwa. Ndani ya duka lililotulia feni ilikuwa ikikoroma bila haya. "Na hii nayo ni nini?"

Mugeni akasema. Alisema akiangalia sakafu, maneno yakitoka moja moja: wingu, blanketi, filamu ya dereva. Alipomaliza alingoja kufukuzwa.

"Uliifunika ikiwa inafanya kazi?" Hasifa akaishika kaunta akacheka hadi machozi. "Mama yangu alifunika televisheni hivyo hivyo, na shuka lake la harusi." Akajipangusa macho, akawa mwenye duka tena. Feni hiyo hailipwi na waranti ya zamani, akasema, wala mpya haitailipa. Akibadilisha feni kwa pesa yake, bado anaweza kuongezewa ile miaka miwili.

"Sasa inalipa nini?"

"Ikiharibika yenyewe. Bila maji, bila kuanguka, bila radi, bila blanketi."

Mugeni akafikiri. Katika hofu zake zote, mashine kuharibika yenyewe hakukuwamo.

"Basi siitaki," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Alifungua fundo, akalipia feni mpya tu. Aliporudi Malaba, Amuge alimwita mjinga mara tatu, kisha akampa samaki.

Jumamosi waranti ilikuwa imekufa, na alasiri wingu likakaa juu ya Tororo. Mugeni akachomoa chaja, akakigeuza kioo. Mkono ulikuwa tayari kwenye blanketi dereva mmoja alipobisha, akisema foleni imeanza kusogea, amjazie nyimbo zake haraka aondoke.

Umeme ukaupasua mlima. Laptopu ilikuwa wazi, inang'aa kama kioo, ikifanya kazi kwa batri. Hakuifunika. Alijifunika yeye, kichwa na mabega, gubigubi, akaketi karibu nayo, na kutoka chini ya blanketi la Namboboto akautoa mkono mmoja tu, akachomeka flashi ya dereva.